Mabinti Watano Mbele ya Musa

Neno la kusoma: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-6, 2 Wafalme 8:1-6

 

Mwezi wa tatu umefika, na vikwembe vya tarehe 8 vimeshashonwa. Baba wengine wananung'unika kwamba sikukuu hii inawamalizia franka. Wanung'unike tu, Noeli nayo inamaliza franka na hakuna anayesema ifutwe. Lakini siku hii haikuanza na kikwembe. Mwaka 1917, tarehe 8 ya mwezi wa tatu, wanawake wa viwanda vya Petrograd, kule Urusi, walitoka barabarani kudai mkate. Ilianza na njaa, na njaa sisi wa Katanga tunaijua.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines. Baba alikuwa na kazi, nyumba ilikuwa ya kampuni, na posho ilitoka kwa kampuni. Mama alifundishwa kushona na kupika vizuri, basi. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na katikati ya miaka ile ya 1990 shaba haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakaa miezi mingi bila kuonekana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mwisho wakarudi nyumbani.

Nani alipika bukari katika miaka ile? Tuseme kweli mbele za Mungu. Mama aliamka saa kumi usiku kwenda kungojea magunia ya makala. Mama alilima shamba la mahindi nje ya mji. Mama aliuza unga kwa kipimo na samaki wa Kasenga, akaweka franka kidogo kidogo katika likelemba pamoja na wenzake, na zamu yake ilipofika akalipa shule. Parsele nyingi za mji huu zilinunuliwa kwa feza ya makala, hata kama karatasi ina jina la baba peke yake.

Na hapo ndipo tunapotaka kukaa leo, kwenye karatasi ile.

Baba anafariki. Matanga hayajaisha, na tayari watu wa jamaa wanaulizana funguo ziko wapi. Mmoja anachukua televisheni, mwingine anabeba bahasha ya makaratasi ya parsele "ili kuitunza". Mjane ameketi chini kwenye mkeka, hawezi kusema neno, kwa sababu akisema ataambiwa ni yeye aliyemwua. Baada ya wiki chache anaambiwa arudi kwao. Mmeyaona haya, wapenzi. Wengine wenu yamewapata ninyi wenyewe, na wengine mlikuwa upande wa wale waliobeba.

Wanasema, "Ni desturi." Tuitazame desturi hiyo. Kwa Waluba mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo mjane wa Kiluba anaambiwa mali ni ya ndugu za mume. Kwa Wabemba, Walamba na Waaushi ukoo unapita kwa mama, na zamani mali ya mwanaume ilikwenda kwa wapwa wake, watoto wa dada yake. Kwa hiyo mjane wa Kibemba anaambiwa mali ni ya wapwa. Desturi hizi mbili zinapingana kabisa, lakini mlango wanaomtolea mjane ni ule ule mmoja! Kijijini, tuseme haki, alikuwa na mahali pa kwenda: kwao kulikuwa na shamba, na watu wake walimpokea. Hapa mjini arudi kwa nani? Wazazi wake wamelala makaburini, na kaka yake amepanga chumba kimoja Katuba na watoto sita.

Sasa tusome. Selofehadi alikufa jangwani, hakuacha mtoto mwanaume. Alikuwa na mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Biblia inataja majina yao yote, si mara moja tu. Wakaja wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakubwa na mkutano wote. Hawakunong'ona nyuma ya nyumba. Waliuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo kwa sababu hakuzaa mwanaume, wakaomba sehemu yao kati ya ndugu za baba yao.

Angalieni Musa alivyofanya. Alijua desturi kuliko mtu yeyote pale, lakini hakuwajibu kwa desturi. Alipeleka shauri lao kwa Bwana. Na Bwana alisema mabinti wale wana haki, kisha akaagiza jambo lao liwe sheria kwa Israeli yote. Mungu hakuona wametukana wazee.

Watu wengi wanaishia pale. Fungueni Yoshua 17. Musa amekufa na nchi inagawanywa. Wale mabinti wanakuja tena, safari hii mbele ya Yoshua na Eleazari na wakubwa, kuwakumbusha kwamba Bwana alikwisha kuagiza. Kwa nini warudi, kama sheria ipo? Kwa sababu siku ya kugawanya, mwenye kamba ya kupimia hupima kwanza kwa ndugu zake. Sheria ilikuwa upande wao, lakini hawakukaa nyumbani kuingojea.

Sisi nasi tuko hapo. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ilitoka tarehe 1 mwezi wa nane 1987. Ilisema mume ni kichwa cha nyumba na mke amtii, tena mke hakuweza kununua, kuuza au kusimama mbele ya hakimu bila ruhusa ya mume. Tarehe 15 mwezi wa saba 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na ruhusa ile ikaondolewa. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana katika mambo ya namna hiyo, na wasipopatana, aliyeumizwa anaweza kwenda Tribunali ya Amani. Na juu ya urithi, tangu 1987 watoto ndio warithi wa kwanza, mabinti na wavulana kwa sehemu sawasawa, na mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Ayubu aliwapa mabinti zake urithi pamoja na kaka zao zamani sana, Ayubu 42:15.

Baba mmoja atauliza: basi, kichwa kimekatwa? Hapana. Sheria bado inamwita mume kichwa cha nyumba, na Paulo pia katika Waefeso 5. Lakini Paulo anaanza kwa kusema tunyenyekeane sisi kwa sisi, kisha anamweka mume chini ya mfano mzito, wa Kristo aliyejitoa kwa ajili ya kanisa. Baba anayeficha makaratasi ya parsele ili mke asiyaone, sisi hatuoni anamfuata Kristo wapi.

Tunajua pia kwamba mwaka 1966 Sophie Lihau-Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu, na kwamba mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke. Tunamshukuru Mungu. Lakini mjane wa Ruashi aliyetolewa nje na sufuria zake hawezi kulala katika ofisi ya waziri mkuu.

Anahitaji nini? Soma 2 Wafalme 8. Mama Mshunami alikimbia njaa miaka saba, akarudi akakuta nyumba na shamba vimekwenda. Akaenda kumlilia mfalme. Na nani alikuwa pale na mfalme saa ile? Gehazi, mtumishi wa nabii, aliyesema: huyu ndiye mwanamke mwenyewe, na huyu ndiye mtoto wake. Mfalme akaweka msimamizi wa kumrudishia vyote, hata mazao ya miaka aliyokuwa mbali. Mtumishi wa Mungu alikuwepo mahali pa shauri, na alishuhudia. Kwenye matanga mchungaji na mashemasi huimba, huhubiri, hula, huenda. Wakae mpaka funguo zijulikane ziko kwa nani.

Na ninyi mlio hai wote wawili, fanyeni mapema. Ndoa ya kanisa peke yake, bila Leta, haihesabiwi na sheria. Ndoa ya kimila nayo sherti iandikishwe komini. Mama asiye na karatasi ya ndoa atasimama mbele ya hakimu na maneno matupu, hata kama ameishi na mume miaka thelathini na amezaa watoto saba. Nendeni komini pamoja. Jina la mama liandikwe kwenye karatasi ya parsele pamoja na la baba. Watoto wote waandikishwe, mabinti pia. Kopi moja ya makaratasi iwekwe kwa mtu mnayemwamini, asiye wa upande wowote wa jamaa.

Jumapili hii, baada ya ibada, mkae chini baba na mama mtoe ile bahasha, muisome pamoja. Na sasa tusimame tuwaombee wajane walio kati yetu. Kila mtu amtaje kwa jina yule anayemjua, kisha kesho aende kumuuliza analala wapi.