Kardinali Hinsley, Mjumbe wa Baba Mtakatifu, na Shule Zetu

(Hotuba iliyosomwa Ibaba, Songwe, siku ya jubilei)



Baba Askofu, Mapadre, Masista, walimu wa dini, nanyi wazee wetu na akina mama mliopanda milima hii tangu alfajiri:

Nimeagizwa kusema habari za maisha ya Kardinali mmoja. Najua wengi wenu mlitazamia nimtaje Kardinali Rugambwa, au Kardinali Pengo aliyezaliwa Mwazye, upande wa Sumbawanga. Hao mwawajua, na picha zao mmeziona. Mimi nimemchagua Mwingereza, ambaye jina lake halisikiki sana siku hizi, lakini agizo lake lilifika hata katika vijiji ambavyo yeye mwenyewe hakuviona kwa macho. Jina lake ni Arthur Hinsley.

Kwanza yafaa tuelewe kazi ya mjumbe wa Papa, maana ni kazi ya zamani sana. Mwaka 1216 Papa Inosenti III alimtuma Uingereza Kardinali mmoja Mwitalia, jina lake Guala Bicchieri, mtu wa mji wa Vercelli. Aliikuta nchi imo vitani, Mfalme John akipigana na wakuu wake mwenyewe. Mwezi wa Oktoba mfalme akafa, akamwacha mwanawe Henry, mtoto wa miaka 9. Mtoto huyo hakuwa na muhuri wake. Basi hati ile kubwa ya haki, iitwayo Magna Carta, ilipotolewa upya mwezi wa Novemba, ilitiwa muhuri wa Kardinali Guala pamoja na muhuri wa William Marshal, mlinzi wa mfalme mdogo. Angalieni jambo hili: hati hiyohiyo Papa alikuwa ameitangua mwaka 1215. Mjumbe alipofika mahali penyewe na kuyaona mambo yalivyo, aliona kwamba njia ya amani imegeuka. Ndiyo maana mjumbe hutumwa, wala haitumwi barua peke yake.

Wakati ule Mwitalia alikwenda kwa Waingereza. Baada ya miaka zaidi ya 700, Roma ilimtuma Mwingereza aje kwetu.

Hinsley alizaliwa tarehe 25 Agosti 1865 katika kijiji cha Carlton, jimbo la Yorkshire. Baba yake alikuwa seremala. Alipata upadre mwaka 1893, na mwaka 1900 alianzisha shule ya wavulana katika mji wa Bradford, mji wa viwanda, akawa mkuu wake wa kwanza. Lakini hakukaa sana. Alitofautiana na askofu wake, akaihama ile shule na jimbo lenyewe. Nalitaja jambo hili kwa sababu mtu aliyeanzisha shule kwa jasho lake, kisha akaiacha katika mikono ya wengine, huijua thamani ya shule kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1917 alikuwa mkuu wa seminari ya Waingereza iliyoko Roma. Huko ndiko Papa Pio XI alikomwona, na mwezi wa Desemba 1927 akamteua kuwa mjumbe wa kuzikagua misioni zote katika nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka 62, umri ambao wengi hutafuta kiti cha kupumzikia barazani.

Kwa nini alitumwa wakati ule? Hapa yatupasa kukaa kidogo.

Katika miaka ile misioni zilikuwa na shule nyingi vijijini, lakini tuseme kweli, zilikuwa shule kwa jina tu. Kibanda cha miti na majani. Mwalimu mmoja wa dini, ambaye naye alijua kusoma kuliko wanafunzi wake kwa kiasi kidogo. Watoto wakiimba sala na katekisimu kwa moyo, wakichora herufi mchangani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika ya Mashariki, na ndani yake alikuwamo Dakta Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume ilitoa shauri kwamba Serikali na misioni washirikiane. Serikali za Waingereza zikakubali, na hapa Tanganyika ikatoka sheria ya elimu mwaka 1927. Shule itakayofikia kipimo cha Serikali, yenye walimu waliofundishwa kweli, itapewa ruzuku. Isiyofikia haitapewa kitu.

Basi Wamisionari wengi walisitasita. Wengine waliogopa kwamba atoaye fedha ndiye atakayeamuru. Wengine walisema, Hatukuvuka bahari tuje kufundisha hesabu. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu.

Mwezi wa Agosti 1928 Maaskofu na wakuu wa misioni za Tanganyika walikusanyika Dar es Salaam, naye Hinsley akasimama mbele yao. Maneno yake yaliwashtua wengi. Aliwaambia washirikiane na Serikali kwa nguvu zao zote. Na mahali ambapo hawawezi kuzifanya kazi mbili pamoja, kuhubiri moja kwa moja na kufundisha shuleni, basi waache makanisa yao yangoje, wazikamilishe shule. Fikirini neno hilo likitoka kinywani mwa mjumbe wa Baba Mtakatifu! Padre aliyejikusanyia matofali miaka mitano apate kujenga altare ya Mungu, leo aambiwa ayapeleke darasani.

Mimi naona alisema sawa, lakini sitaificha gharama yake. Mapadre waliokuwa wakitembea vijijini kuwaona wagonjwa walifungwa na madaftari na wakaguzi. Vijana wengine walikuja kwa ajili ya herufi, wakazipata, wakaenda zao mjini. Kisha likaja jambo ambalo Hinsley hakuweza kulijua: kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule za misioni zilizokuwa zikipata ruzuku zilichukuliwa na Serikali yetu wenyewe. Makanisa hayakuchukuliwa. Kwa hiyo mzee mmoja aliwahi kuniambia, Laiti tungejenga makanisa, leo yangekuwa yetu.

Nilimjibu kwamba shule ilichukuliwa kuta na madawati. Watoto waliokwisha kusoma hawakuchukuliwa. Mwaka ule wa 1928 Laurean Rugambwa alikuwa kijana wa miaka 16 huko Bukoba. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka wa Uganda aliwekwa Askofu, na mwaka 1952 Rugambwa naye. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya Kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu. Sisemi kwamba agizo la Hinsley ndilo lililowazaa hao. Seminari za Mapadre Weupe zilikuwapo kabla yake. Nasema kwamba Kanisa lililodharau shule lisingalipata watu wa kuwarithi Wazungu.

Mwaka 1930 Hinsley alifanywa Mjumbe wa Kitume wa Afrika yetu hii, akakaa Mombasa. Alisafiri kwa meli, kwa gari moshi na kwa motokaa katika njia ambazo ninyi wazee mwazikumbuka, au baba zenu waliwasimulia. Mwaka 1934 homa kali ya matumbo ilimwangusha, akarudi Roma akiwa amechoka kabisa, akapewa kazi nyepesi katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Kila mtu alidhani amemaliza safari. Mwaka uliofuata Papa akamtoa kitini akamfanya Askofu Mkuu wa Westminster, huko London, naye yu karibu kutimiza miaka 70.

Afrika haikumtoka moyoni. Mwezi wa Oktoba 1935 Waitalia walipoishambulia Uhabeshi, alihubiri kanisani akauhukumu uvamizi ule waziwazi. Watu waliuliza, Mbona Papa hamzuii Mussolini? Akajibu kwamba Papa ni mzee asiye na nguvu za kumzuia. Neno hilo liliwaudhi wengi, nami nakiri kwamba lingaliweza kusemwa kwa namna nyingine. Lakini mjumbe aliyezoea kusema mambo yalivyo ni vigumu kumfundisha uzeeni kuyafunika. Papa mwenyewe hakumkasirikia daima, kwa maana mwezi wa Desemba 1937 alimfanya Kardinali.

Wakati wa vita kuu ya pili alianzisha chama cha sala na mafundisho kilichoitwa Upanga wa Roho. Mwezi wa Mei 1941, mabomu yakianguka London, Wakatoliki na Waanglikana walikutana katika jumba moja, na Askofu Bell wa Kianglikana akamnong'oneza: Je, twaweza kusali Baba Yetu pamoja? Siku zile jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Kardinali aliianzisha sala palepale. Sisi tunaoishi karibu na Isoko, ambako ndugu zetu Wamoraviani wana hospitali, na ambao tumetibiwa huko bila kuulizwa ubatizo wetu, twaelewa sala hiyo ilikuwa na uzito gani.

Alifariki tarehe 17 Machi 1943. Alikuwa amekaribia kusikia na kuona kwa shida, lakini hakuacha kazi.

Sasa, katika jimbo letu Waumini wamechoma matofali kwa ajili ya jubilei, nami nimesikia mabishano: wengine wataka mnara wa kengele, wengine wataka bweni la wasichana wanaotoka mbali na kupanga vyumba vya watu wasiowajua. Sikuitwa hapa kuhukumu jambo hilo. Niliitwa kusema habari za Kardinali, nami nimezisema. Naona wazee wa kamati ya ujenzi wananitazama kwa jicho kali, na wali umekwisha kuiva. Kwa hiyo nakaa, na kamati itakutana baada ya chakula.