Acha Mama Aende

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mithali 12:10

Wewe uliye shambani, wewe uliye kambini kwa sababu ya vita, na wewe mama unayepika sombe huku redio iko kando, amani ya Yesu iwe kwako.

Miaka michache iliyopita, njia ilipokuwa ingali inapitika, tulisafiri wachungaji wanne kutoka Sake kwenda Walikale. Sisi ni marafiki tangu chuo cha Biblia, tulikula sahani moja. Ndugu wa Walikale walituita kwa semina ya siku tatu. Tukapanda pikipiki mbili, kila moja dereva na wachungaji wawili, Biblia zetu tumezifunga ndani ya nailoni kwa ajili ya mvua.

Kupanda Masisi ilikuwa furaha tupu. Mnavijua vile vilima: malisho ya kijani, ng'ombe, maziwa, jibini. Tuliimba mpaka Nyabiondo, tukalala huko. Kesho yake mashamba yakapungua na msitu ukatufunika. Huo ni msitu mkubwa, unaoelekea mbuga ya Maiko na mbuga ya Kahuzi-Biega, zote mbili zilianzishwa mwaka 1970. Katika misitu hii wanaishi gorila wa Grauer, ambao porini hawapatikani popote duniani isipokuwa hapa mashariki mwa Kongo. Mungu angeweza kuwaweka kwingine. Aliwaweka kwetu.

Mchana tulikuta mama mmoja kando ya njia. Juu ya uchanja wake palikuwa na makako aliyekaushwa kwa moshi. Chini, amefungwa kamba kiunoni, palikuwa na mtoto wa makako. Alikuwa ameshika mguu wa uchanja, anatazama juu. Yule wa juu alikuwa mama yake.

Dereva akauliza bei. Na mimi njaa ilikuwa imenishika. Wapendwa, niungame mbele yenu: nyama ya pori nimekula miaka mingi bila kuuliza, na mstari nilikuwa nao tayari mdomoni. Katika Mwanzo 9, Mungu alimpa Nuhu wanyama kuwa chakula. Ni kweli, alimpa. Lakini hata mstari wa kweli mtu anaweza kujificha nyuma yake. Siku ile Roho alinikumbusha mwingine, ule wa Kumbukumbu la Torati: ukikuta ndege na makinda yake, usichukue vyote viwili. Mama umwache aende, upate heri na siku nyingi. Mungu hakukataza kula. Alikataza kumaliza.

Mwenzetu mmoja akatoa pesa anunue yule mtoto, amwokoe. Dereva akasema, "Mchungaji, ukilipa huyu leo, kesho wataletwa wawili. Na kila mtoto, mama yake ameuawa kwanza." Alisema kweli. Hata kule Lwiro, karibu na Bukavu, wanakolea sokwe na makako yatima, huwa wanawapokea wale walionyang'anywa wawindaji. Hawawanunui.

Basi nikaanza kumwonya yule mama. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mchungaji, mume wangu waliniulia. Nina watoto watano. Hayo yote nimesikia. Usiku wa leo watakula nini?"

Nikanyamaza. Mistari nilikuwa nayo, chakula sikuwa nacho.

Mithali 12:10 inasema mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, tena inaonya kwamba kuna huruma ambayo ndani yake ni ukatili. Huruma inayomwona makako na kumpita mjane, ni huruma gani? Nikamwuliza mama nani ananunua. Akajibu, "Watu wa machimbo, na wasafiri kama ninyi." Kama ninyi! Mwindaji anafuata mfuko wetu, wapendwa. Sisi wenye pesa ndio tunaosimamisha pikipiki.

Tulinunua ndizi zake zote, tukaacha nyama. Yule mtoto alibaki kwenye kamba. Sijui mwisho wake, na macho yake bado ninayaona.

Kule Walikale niliacha somo nililotayarisha, nikafundisha hili. Tuliporudi, akina mama wa kanisa letu la Masisi walitoa simbilisi, wale tunaowaita dende, tukawatuma kwa pikipiki mpaka kwa yule mama na wajane wengine wawili. Dende jike anazaa mara kadhaa kwa mwaka. Gorila jike anazaa mara moja katika miaka minne hivi. Yupi Mungu alimweka kwa chungu chetu cha kila siku?

Sitawadanganya kwamba dende wachache wameondoa njaa Walikale. Lakini mama mmoja aliacha kusubiri mwindaji.

Ewe msafiri, usisimamishe pikipiki yako kwa ajili ya nyama ile. Ewe mwindaji, jike mwenye mtoto umwache, na gorila, sokwe na okapi usiwaguse kabisa, maana sheria ya nchi pia imewakataza. Ewe kanisa, kabla ya kumwonya mjane, angalia chungu chake.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa yale tuliyokula bila kuuliza. Walishe watoto wa mjane, na viumbe vyako vya msituni uvihifadhi kwa wajukuu wetu. Katika jina la Yesu. Amina.