Kitabu Kimoja, Darasa Zima

Leo nasema nawe, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari uliye Gongo la Mboto, Ukonga au Pugu. Wengi wa wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sasa fizikia, na hata maelekezo ya mtihani wake, vyote ni kwa Kiingereza. Wanastahili kupewa muda.

Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ifutwe mwaka 2016, madarasa yamefurika na vitabu ni vya kugawana. Hata hivyo, nakala moja kwa kila kikundi inatosha: chukua kitabu cha hadithi, Hawa the Bus Driver, cha Richard Mabala. Kabla ya kukifungua, uliza kwa Kiingereza chepesi: nani amewahi kupanda daladala inayoendeshwa na mwanamke? Abiria walisemaje? Watoto wa Barabara ya Nyerere hawakosi la kusema! Andika ubaoni maneno matano, si ishirini. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, taratibu, kila kikundi kikifuatilia kwenye nakala yake. Simama kabla tukio halijaisha, waandike sentensi mbili za kinachofuata. Anayekosea sarufi mwache amalize kwanza. Akichekwa leo, anaweza kunyamaza mpaka kidato cha nne.

Nawe usihangaike peke yako. Kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, peleka daftari la mwanafunzi anayekwama, mlisome pamoja na wenzako. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao, na kwa kuandaa somo simu yako yenye intaneti inatosha.