Sadaka ya mwanasiasa

Msikilizaji, tuzungumzie kidogo habari ya sadaka. Novemba 2024, Rais William Ruto alisali Misa katika kanisa la Soweto, Nairobi, akaacha shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 nyingine za vikundi vya kanisa, kwaya ikiwemo. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza zirudishwe. Hata basi aliloahidi rais likakataliwa.

Sasa, hili linakuhusu vipi wewe unayetoa shilingi 50 Jumapili? Linakuhusu kwa sababu kanisa linakusemea: siku chache kabla, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali hadharani. Ukishapokea bahasha ya mtu, kumkemea ni kazi. Mdomo uliokula huona haya.

Kwa upande wa pili, rais naye ni muumini, na mwenye dhambi hafukuzwi kwenye kapu la sadaka. Isitoshe, nyumba ya padri haijengwi kwa agizo la askofu. Nani asiyejua jumuiya zetu zinavyochangishana hadi senti ya mwisho?

Mimi naona askofu alifanya vyema. Lakini niulize: harambee ijayo, mheshimiwa akimtuma dereva na bahasha isiyo na jina, mweka hazina wa parokia yako atafanyaje?