Samli Yetu na Mafuta ya Ng'ambo

Wasikilizaji wetu, leo twasema juu ya bei ya samli. Mwaka 1947 Waingereza, walipopungukiwa na mafuta ya kula baada ya vita, walikuja Kongwa kulima karanga. Mwaka 1951 waliacha kwa hasara kuu. Mwaka 2022, bei ikiwa imekwisha kupanda duniani, Indonesia ilizuia kwa majuma machache mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake. Basi, ategemeaye mafuta ya ng'ambo hana amri juu ya bei.

Sisi wa Ugogo tuna ng'ombe. Wakati wa mvua maziwa ni tele, samli ni rahisi. Kiangazi huadimika, bei ikapanda. Tuichemshe siagi mpaka maji yaishe, tuichuje, tuihifadhi katika chombo kikavu. Samli safi hungoja bei njema. Yenye maji huharibika upesi.