Kupotea, Kupotewa, Kupotezwa: Sarufi ya Mtu Aliyetoweka katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezoea maiti. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, inamleta Bwana Msa, mtu wa kiko na asiye askari, kuchunguza mauaji yaliyogunduliwa mzimuni. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) inatangaza kifo tangu jalada. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, naye mpelelezi wa kujitegemea, hupita katikati ya vifo. Maiti humfaa mtunzi, kwani huthibitisha kwamba jambo limetukia. Azma ya mhadhara huu ni kuuliza: mpelelezi huyo akikabidhiwa kesi ya mtu aliyetoweka miaka mingi iliyopita, ambayo polisi wamekwisha kuiweka kando, ataanzia wapi? Nitadai kwamba lugha yetu imekwisha kumwonyesha pa kuanzia.

2.0 Vitenzi vitatu

Tunaposema "kijana amepotea", kiima ni kijana, na hakuna mtenda. Tukisema "kijana amepotezwa", kauli ya kutendeshwa inadokeza kwamba yuko mtu aliyefanya hivyo, ingawa hatajwi. Mkondo mzima wa riwaya ya namna hii ni safari kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili, na hatimaye hadi jina la mtenda.

Lakini kuna sentensi ya tatu: "Mama amepotewa na mwanawe." Hapa kiambishi -w- kinamfanya aliyebaki kuwa kiima. Kimaana, kitenzi hiki ni jirani wa "kufiwa". Tofauti yake iko katika desturi. Aliyefiwa huwekewa tanga, na siku ikifika tanga huanuliwa. Aliyepotewa hana tanga wala siku ya kulianua. Kwa hiyo katika kesi iliyopoa, mtu mkuu si mhalifu wala mpelelezi, bali ni huyu aliyepotewa, na kazi ya upelelezi ni kumpatia mwisho: ama mwana arudi, ama "kupotewa" kugeuke "kufiwa".

3.0 Mfano wa Mkuyuni

Mkuyuni iko kwenye njia itokayo mjini Morogoro kuelekea Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imefuata mkondo huo. Tuchukulie riwaya ambayo bado haijaandikwa: kijana wa Mkuyuni alishuka mjini kuuza ndizi miaka ishirini iliyopita, asirudi. Mpelelezi aliyezoea mambo ya mjini atamtafuta mke, kisha baba ambaye jina lake limo kwenye vyeti. Atapata nusu ya habari. Inampasa abishe hodi pia kwa mjomba na kwa dada, maana watoto wa dada nao wamepotewa na mjomba wao.

Mpelelezi wa kujitegemea hana hati ya kukamata wala uwezo wa kumwita mtu kituoni. Ana salamu, subira na masikio. Basi asikilize njeo. Mama husema "mwanangu anapenda utani". Jirani husema "alikuwa akipenda utani". Na yule anayetamka "marehemu" kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kifo, huyo aulizwe taratibu amejuaje.

4.0 Sheria na maisha

Jambo hili halimo katika fasihi tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu, katika mashauri ya ndoa, kumchukulia mtu kuwa amekufa iwapo kwa miaka mitano hajasikika kwa wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake. Kipimo chake ni habari, yaani maneno, na dhana hiyo yaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti, mkoani Pwani, Novemba 2017, na miaka mitano ikapita bila kupatikana. Miaka ya sheria ikitimia, mahakama yaweza kutoa tamko, swali la "nani?" hubaki pale pale.

5.0 Hitimisho

Wahakiki wetu wameiita riwaya ya upelelezi "riwaya pendwa", mara nyingine kwa kuibeza. Naona ina kazi ambayo tanzu nyingine hazijaichukua vya kutosha, nayo ni kukaa na aliyepotewa bila kumharakisha. Nawasihi wanafunzi mnaotaka kutunga: msikimbilie maiti. Nendeni kwa aliyebaki, mwandike anavyosema, mkihifadhi kila njeo yake. Humo mna ushahidi, na humo mna riwaya.