Dodoso kwa Kiswahili, Majibu kwa Kiingereza

Wasikilizaji, vyuo vingi husema: hakuna kuhitimu uzamivu bila makala kwenye jarida la kitaaluma. Hatuna ugomvi na majarida. Tunachouliza ni kimoja tu. Mkulima ataambiwa matokeo ya utafiti na nani?

Mwanafunzi anapokwenda Chemba au Kiteto kutafiti sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye mahindi, dodoso lake ni la Kiswahili. Fomu ya ridhaa ni ya Kiswahili. Anakaribishwa, anapewa kigoda, anachotewa mahindi ghalani akayapime maabara. Lugha ya kuulizia anayo. Akirudi chuoni, majibu yanaandikwa kwa Kiingereza, tasnifu inajalidiwa, inapangwa rafuni. Aliyetoa mahindi yake ataambiwa na nani?

Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na watafiti wakaandika. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara, ziliko Chemba na Kiteto. Hatusemi maelezo peke yake yangeokoa kila mtu. Tunasema miaka 12 ni mingi, na kuandika kuliandikwa. Mkulima aliambiwa na nani?

Kueleza sayansi ni kazi ya kufundishwa. Mwanafunzi wetu anajua kuandika kwamba kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Sasa msimamishe mbele ya kina mama wanaopepeta mahindi. Awaambie kwamba kupika hakuiondoi sumu hii, mahindi yaanikwe juu ya turubai na si chini, punje zenye ukungu zitengwe na hata kuku wasipewe. Atakwama, maana tangu aanze shahada hajasahihishwa aya hata moja ya namna hiyo. Amesahihishwa marejeo. Amesahihishwa pambizo.

Wahadhiri, lifanyeni somo, tena lenye alama! Msimamizi, usitie saini tasnifu isiyo na ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kubandikwa ofisi ya kijiji. Nanyi wanafunzi, msingoje kanuni. Redio za jamii zipo, mkutano wa kijiji upo, bwana shamba yupo. Rudini mlikochukua mahindi. Semeni mlichokipata, hata kama ni kidogo, hata kama kinaudhi. Rudini msimu huu huu, kabla mavuno hayajaingia ghalani.